Ngumi Iliyokuwa Mkuki

Mgonjwa aliyenipiga taya alikuwa mzee ambaye ujanani alikuwa askari. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, dawa za usingizi bado zinamchanganya, nami niliinama kumrekebishia mto. Hakunitukana wala hakunionya. Mkono ulitoka pale kitandani moja kwa moja, mfupi, bila kujipinda, ukanikuta chini ya sikio. Nilikwenda kinyumenyume mpaka kwenye stendi ya dripu, tukaanguka nayo pamoja. Baadaye binti yake alikuja kuniomba radhi huku analia. Alisema baba yake siku hizi hamkumbuki hata mjukuu wake, ila mikono yake haijasahau kitu.

Sikumchukia yule mzee. Nimeuguza watu miaka mingi, Tanzania na hapa Texas, na najua mtu aliyechanganyikiwa hana kosa. Aliyeniudhi ni mimi mwenyewe. Mkono niliuona unakuja. Mwili wangu ukajua kufanya jambo moja tu, kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa na chuma. Taya lilipopona nilimwambia mume wangu kwamba nataka kujifunza kujilinda.

"Karate?" akauliza. "Mama watoto, kwa umri huu?"

"Kwani nimepigwa nikiwa na umri gani?"

Mwanetu akacheka, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ninunue tu ile dawa ya pilipili ya kupuliza. Hospitali itakayoniruhusu kumpulizia mgonjwa pilipili sijaisikia bado.

Tunaishi Grand Prairie, katikati ya Dallas na Fort Worth, na si mbali na kwetu kuna duka la Wachina ninakonunua samaki wazima na mchicha unaofanana na wa nyumbani. Nyuma ya duka kuna ukumbi mdogo. Jumamosi moja nikiwa napakia mifuko kwenye gari nilimwona mzee wa Kichina, mwembamba, amevaa fulana ya mikono mirefu, anatembea ndani ya ukumbi ule kwa mstari ulionyooka. Kila hatua ngumi moja. Hakuruka, hakuzungusha mguu hewani, hakupiga kelele. Alikuwa anakwenda mbele tu kama mtu anayesukuma mlango mzito, na akifika ukutani anageuka na kurudi vilevile. Niliacha samaki kwenye gari, nikaingia.

Wanafunzi wake walimwita Shifu, ambalo kwao ni jina la heshima la mwalimu, nami nikamwita hivyo. Aliniambia kwa Kiingereza chake kifupi kwamba sanaa yake inaitwa xingyi. Nikamweleza habari ya taya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika mabega, akanisimamisha: uzito kwenye mguu wa nyuma, mguu mwingine mbele, mkono mmoja umenyooka usawa wa pua, mwingine umeketi karibu na kitovu. Kisha akaondoka kwenda kuzungumza na watu wengine.

Nilidhani atarudi baada ya muda mfupi. Alirudi nikiwa natetemeka paja zima, akanishusha bega moja kwa kidole, akaondoka tena. Somo la kwanza likaisha hivyo. La pili pia. Mvua za masika ya huku zilikuja zikaenda, joto likaingia mpaka lami ya maegesho inanukia, na mimi nilikuwa bado nimesimama. Natoka shifti ya kusimama kutwa nzima wodini, nakwenda kusimama tena, tena kwa kulipia. Mume wangu aliniuliza kama nimeshajua kupiga. Nikamwambia nimeshajua kungoja.

Katika darasa lile kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, kutoka upande wa Uvira, anayefanya kazi kwenye ghala la kupakia mizigo. Yeye na familia yake walikuwa wamekaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma kabla ya kuletwa Texas, kwa hiyo Kiswahili changu alikielewa vizuri, ingawa alinijibu kwa cha kwao. Mimi aliniita mama muganga kwa sababu ya unesi wangu. Mimi nilimwita dada, maana alinizidi umri kidogo. Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, na cha Shifu kilikuwa kimezeeka vibaya, basi kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi. Shifu anasema maneno matatu, mimi nayatafuta maana, namwambia dada, dada anauliza swali, namrudishia Shifu, Shifu anatikisa kichwa kwamba sivyo alivyosema. Nilikuwa mwanafunzi na daraja kwa wakati mmoja, na daraja hukanyagwa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba dada alikipenda kile kile kilichonichosha. Alisimama kwenye ule mkao kama mtu aliyefika nyumbani.

"Huchoki?" nilimwuliza siku moja.

"Nikisimamaka hivi, kichwa inatulia," alisema. "Nikienda nyumbani, nalala."

Mimi sikuja kutafuta usingizi.

Hatimaye nilimfuata Shifu, nikamwuliza waziwazi: tutaanza lini kupigana? Sikupata jibu nililolitaka. Nilipata historia. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, dada pembeni yangu, na mzee akasimulia huku anachora kwa kidole juu ya goti lake. Alisema ngumi hii zamani haikuwa ngumi, ilikuwa mkuki. Askari wa zamani walisimama bega kwa bega, safu nyuma ya safu. Ukiwa pale huwezi kurusha mguu, utampiga mwenzako. Huwezi kuzungusha mkono, hakuna nafasi. Huwezi kurudi nyuma, nyuma kuna mtu mwenye mkuki wake. Njia iliyobaki ni moja, mbele. Basi mtu mmoja akauweka mkuki chini, mikono ikabaki pale pale ulipokuwa mkuki, na hiyo ndiyo xingyi. Mkono wa mbele ni ncha. Mkono wa kitovuni ndio unaosukuma mpini.

Akaendelea. Baada ya askari wakaja walinzi wa misafara. Huko kaskazini mwa China wafanyabiashara walisafirisha fedha na bidhaa kwa mikokoteni, na majambazi waliwavizia njiani. Babu yake Shifu alizaliwa katika ukoo wa walinzi hao. Mlinzi naye hawezi kukimbia, kwa sababu mkokoteni haukimbii. Akishambuliwa lazima amwingie mshambuliaji upesi, amalize, arudi kwenye mzigo. Ndiyo maana hatua zetu ni fupi na hazina mapambo.

Nakiri kwamba nilivutiwa. Niliporudi kwenye mkao siku ile, kwa mara ya kwanza mkono wangu wa mbele ulikuwa na kitu ndani yake. Nilimfikiria yule mgonjwa wangu mzee, mkono wake mfupi uliotoka kitandani, na nikahisi naelewa alikotoka. Lakini kuelewa si kujua kupiga, na wiki iliyofuata nikarudi kwenye kero yangu.

Ndipo siku moja Shifu akafungua stoo, akatoa fimbo ndefu nyeupe, zinazopita urefu wa mtu, akagawa. Alitaka tuuone mkuki wenyewe. Nilifurahi kama mtoto. Mti ulikuwa laini mkononi, mzito kwa mbele, na nilipousukuma ule mpini kwa mkono wa nyuma, ncha ikatetemeka na mkao wote niliousimamia miezi ile ukaeleweka kwa pumzi moja. Nyonga, goti, kiwiko, kila kimoja kilikuwa na kazi. Shifu akatupanga kwenye mstari, bega kwa bega, tusonge mbele pamoja.

Dada hakuwa kwenye mstari. Alikuwa amejibana ukutani, mikono ameificha nyuma.

"Mwulize kwa nini," Shifu akaniambia.

Nikamwuliza. Hakuniangalia mimi, aliziangalia zile fimbo.

"Mwambie mimi nilishaona batu banakuya na mafimbo na mapanga, bamejipanga mustari kama vile. Mimi ile sitaigusa."

Nilitafsiri neno kwa neno, na Kiingereza changu kilikuwa kizito mdomoni. Shifu alibaki amesimama. Nadhani maisha yake yote alikuwa amesimulia ile safu ya askari akiwa upande wa wenye mikuki, na hakuwahi kuulizwa na mtu aliyesimama upande wa pili. Akapita kwenye mstari, akakusanya fimbo moja moja, na yangu pia, akazirudisha stoo akafunga.

"Na sisi wengine, Shifu?" nilimwuliza.

"Siku nyingine."

Nilimwonea dada huruma, Mungu ni shahidi. Lakini pia nilikasirika, tena sana, na hasira yenyewe ilinikera kwa sababu haikuwa na mtu wa kumshukia. Nilikuwa nimeshika kitu kwa mara ya kwanza, nikanyang'anywa, na hakuna aliyekosea. Hiyo siku nyingine haikuja.

Mwaka ule ule Shifu alialikwa Houston. Mtu aliyesoma naye kwa mwalimu mmoja huko China anaishi Katy, magharibi mwa jiji, kwenye nyumba mpya zinazofanana zote, na kwa desturi yao Shifu humwita mdogo wake ingawa si ndugu wa damu. Huyo mdogo wake ana ukumbi mkubwa na wanafunzi vijana. Shifu haendeshi gari masafa marefu, basi mimi niliendesha, yeye kando yangu, dada kiti cha nyuma na kikapu cha maandazi. Njia nzima Shifu alikuwa mchangamfu. Alinitengenezea mkono wa kulia hata nikiwa nimeshika usukani.

Ukumbi wa Katy ulikuwa na kiyoyozi, mazulia ya mpira, mifuko ya kupiga imening'inia, na glavu za kila saizi. Wanafunzi walikuwa wanapigana kweli. Mwenyeji wetu, mtu mnene mwenye Kiingereza safi, aliuliza kama miongoni mwetu kuna anayetaka kujaribu. Nilijitokeza kabla Shifu hajafungua mdomo. Nilipewa binti mmoja wa chuo kikuu, mpole, aliyenisaidia kufunga glavu na kuniita mama.

Nilisimama kwenye mkao wangu. Miezi yote ile ilikuwa pale, mguu wa nyuma, bega limeshuka, ncha ya mkuki usawa wa pua. Binti akaugonga mkono wangu wa mbele pembeni kama mtu anayesogeza pazia, akanipiga kwenye paji la uso. Nikarudi nyuma. Akanifuata, akanipiga tena. Nilinyoosha ngumi, haikumkuta. Nilirudi tena, na tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta, na hapo ngumi moja ikapita katikati ya glavu zangu, pua ikaanza kutoa damu. Binti aliacha mara moja, akaniomba samahani kuliko hata ilivyostahili.

Shifu alikuja na tishu. "Umerudi nyuma," akaniambia.

Sijui kama nimewahi kumkasirikia mtu mzima kiasi kile. Nilijua nimerudi nyuma! Sikuhitaji kutoka Grand Prairie kuja kuambiwa.

Baadaye tulikaa nyumbani kwa mwenyeji tukila tambi na maandazi ya dada, na nikamwuliza yule mwenyeji kama na yeye huwafundisha wanafunzi habari ya mkuki. Akamtazama Shifu kwa heshima, lakini akasema alichotaka kusema.

"Kaka yangu anapenda hadithi ile. Hakuna anayejua kama ni kweli. Wanasema jemadari mkubwa wa kale ndiye aliyeugeuza mkuki kuwa ngumi. Lakini fikiria, mama. Wewe una mali, unatafuta mlinzi wa mkokoteni. Utamchukua nani, anayesema ngumi yake imebuniwa na mjomba wake, au anayesema imetoka kwa jemadari?"

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Walinzi walikuwepo. Vita vilikuwepo. Ila kila zama iliongeza kitu na kupunguza kitu. Zilipokuja bunduki na treni, walinzi walikosa kazi, wakawa walimu mjini. Mlinzi anataka mtu awe tayari kabla ya safari. Mwalimu hana haraka. Hapo ndipo kusimama kulipokuwa kurefu." Alicheka kidogo. "Kisha ikaja vita nyingine, jeshi likawataka walimu hao hao wafundishe askari kupigana kwa bunduki yenye singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki. Askari hana miezi ya kusimama. Basi ikawa mapigo machache tu, haraka, wakapelekwa vitani. Yote hayo ni xingyi. Ninyi mnajifunza kipande kipi?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, nililokuwa nalitafutia maneno tangu siku ya kwanza. Nilimgeukia Shifu. Alikuwa anatafuna tambi zake polepole.

Tulirudi Jumapili mchana. Pua yangu ilikuwa imevimba, na Jumatatu nilikuwa na shifti, nitawaambia nini wenzangu? Tulipopita Huntsville nikamwuliza.

"Shifu, naomba uniambie ukweli. Umewahi kupigana? Si mazoezi. Kupigana."

Aliangalia misonobari inavyopita dirishani.

"Hapana," akasema. "Mimi nimefanya kazi jikoni kwenye mgahawa. Miaka yote. Kukata kuku, kukaanga wali. Sijapigana na mtu."

"Sasa unajuaje kwamba hiki unachonifundisha kinafanya kazi?"

"Babu yangu alipigana. Upande huu hakuwa na meno." Akagusa shavu lake la kushoto. "Alinifundisha kusimama kwa sababu yeye miguu yake ilimwangusha barabarani. Aliniambia, mikono ilikuwa mizuri, miguu ikatoka chini yake, wakampiga usoni kwa rungu. Kwa hiyo mimi nilisimama. Mdogo wangu anasema jemadari, si jemadari. Mimi simjui jemadari. Namjua babu."

Nilikaza usukani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na sasa sikuwa na pa kugombania. Mtu niliyemlipa anifundishe vita, kumbe naye aliazima vita vya mwingine, kipande kimoja tu, miguu iliyoteleza barabarani, akavitunza hivyo hivyo mpaka Grand Prairie. Nilitaka kucheka na nilitaka kumshusha kituo cha mafuta kinachofuata.

Dada akauliza kutoka nyuma tunasemaje. Nikamtafsiria yote, pamoja na meno. Akafikiri.

"Mzee wake alikuwa na bahati," alisema. "Alirudiaka nyumbani, akafundisha. Sisi vita haikutufundisha kitu. Ilikamata tu ile ulikuwa nayo. Kama ulikuwa na miguu, ulikimbia." Kisha akaongeza, "Lakini mwambie, mama muganga, weye ulipigwa sababu hujazoea kupigwa. Ile binti banamupigaka kila siku. Siye hapa hatupigane. Tunasimama tu. Hata mie nataka kupiga."

"Wewe? Si unapenda kusimama?"

"Napenda. Lakini fimbo nilikatala, sikukatala mikono."

Nilimtafsiria Shifu. Tulikuwa tumekaribia Corsicana alipojibu, na alijibu kwa hasira, kwamba kama tunataka glavu twende Katy. Nikamwambia Katy ni mbali na petroli ni yangu. Dada akacheka, Shifu hakucheka.

Jumamosi iliyofuata Shifu alikuwa na glavu. Zilikuwa za bei nafuu, nyekundu, ngozi yake inabanduka, na alikuwa ameninunulia ndogo kuliko mkono wangu. Hakujua hata kidogo namna ya kuendesha zoezi la kupigana. Alitusimamisha karibu mno, kisha mbali mno, akapaza sauti, akatuachanisha tulipokuwa ndio kwanza tumeanza. Mwanafunzi mmoja wa siku nyingi, anayekuja kwa ajili ya shinikizo la damu, alichukua begi lake akaondoka akisema hili si darasa alilojiandikisha. Wawili wengine wakamfuata baadaye. Nilirudi nyumbani kidole gumba kimeteguka kidogo, mume wangu akanifunga bandeji huku anatikisa kichwa.

Hivyo ndivyo tunavyoendelea hadi leo. Nusu ya kwanza tunasimama, nusu ya pili tunapigana vibaya. Nataka niseme nimekuwa hodari, ila ningekuwa naongopa. Mimi na dada tunagongana mabega, tunakanyagana, mkono wangu unachelewa. Kuna siku chache, mwili ukiwa umechoka kubishana, ninaingia mbele kabla sijafikiri na ngumi yake inapita nyuma ya shingo yangu bila kunigusa, na kwa nukta hiyo naona babu wa mtu mwingine alichokuwa akitafuta. Halafu inapotea, na siku nyingine naitafuta kutwa nzima siioni.

Mwezi uliopita Shifu alivaa glavu mwenyewe, akamwambia dada ampige kifuani, tena asiogope. Dada alimwangalia, akamwangalia tena, akavuta pumzi. Kisha akaingia. Hatua ile fupi isiyo na mapambo, ngumi kutoka kitovuni, uzito wote wa mama anayebeba maboksi ghalani nyuma yake. Shifu alirudi nyuma mpaka ukutani, kofia ikamdondoka, akabaki ameegemea pale anahema, uso umejaa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo, akapaza sauti kwa Kichina.

"Anasema nini?" dada akaniuliza.

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua.

Nikamwuliza Shifu. Akajaribu neno moja la Kiingereza, akaliacha, akajaribu jingine, akaliacha nalo. Mwisho akapunga mkono kwamba basi, akaokota kofia yake, akamwambia dada arudie.